Tukihamisha Barua-pepe za Chama

Kuhamishia barua-pepe za chama kwenye mitambo ya kampuni nyingine si kazi ya kumwachia fundi peke yake. Kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, hakina budi kuandikishwa kwa jina la chama. Kikiwa cha fundi, chama ni mpangaji nyumbani kwake! Barua za zamani, zenye mikataba na madai ya wanachama, zinakiliwe na kuhesabiwa kabla ya kikoa kuelekezwa kwenye mtambo mpya. Hata hapo, kwa saa kadhaa, pengine siku 2, barua nyingine zitaendelea kuingia kule kule, maana kompyuta za watumaji bado zinaikumbuka njia ya zamani. Basi mkataba wa kwanza usivunjwe wiki hiyo, mhasibu anung'unike asinung'unike.