Nasaha kwa Maharusi: Baraka za Siku za Kawaida

Wazee wa pande zote mbili wamenipa idhini ya kusema na maharusi wetu kabla hatujatawanyika, nami naipokea kwa taadhima, kwani zawadi nyingine zote wamekwisha kupewa, na nasaha ndiyo iliyosalia mkononi mwangu.

Mjukuu wangu bibi arusi, tangu ulipokuwa ukitambaa barazani nalikuita mke wangu, nawe ukiniitika kama ulivyo utani wa babu na mjukuu. Leo kadhi ameozesha, utani umepata mwenyewe wa haki, nami nakutoa kwa moyo mkunjufu. Nawe bwana arusi, ambaye tangu leo ni mjukuu wangu pia, huyu alikuwa amana kwetu na sasa ni amana kwako. Amana huulizwa, duniani na akhera.

Wajukuu wangu, arusi ni siku chache. Nikaha imekwisha kusomwa, walima utaliwa, na fungate ni siku saba tu. Kisha kungwi atafunga bahasha yake aende zake, sinia na masufuria yaliyoazimwa yatarudishwa kwa majirani, nanyi mtabaki wawili, na kazi, na jiko, na kodi ya nyumba. Hapo ndipo ndoa inapoanza. Na shauri langu lote ni hili: imani, kicheko na ilhamu mtakazozihitaji katika umri wenu msiende kuzitafuta mbali, wala msizingojee sikukuu, maana Mwenyezi Mungu amezijaza katika mambo madogo ya kila siku, na mwenye kuyadharau mambo hayo huizunguka dunia akitafuta kilichomo chumbani mwake.

Kwanza imani. Katika sura ya Rum Mwenyezi Mungu ameihesabu ndoa, na mapenzi na huruma aliyoitia kati ya mke na mume, miongoni mwa ishara zake, kisha mara moja akazitaja mbingu na ardhi, na kuhitilafiana kwa lugha na rangi za watu. Basi tazameni jinsi chumba cha watu wawili kilivyotajwa pamoja na mbingu. Na Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani, na wakati wa sala ulipoingia alitoka kwenda kusali. Imepokewa pia kwamba alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kwa mkono wake, na kwamba alimfundisha Saad bin Abi Waqas kuwa hata tonge analomtilia mkewe kinywani lina thawabu, akikusudia radhi za Mungu. Basi bwana arusi, ukirejea kazini ukamkuta mwenzio ameelemewa, usiketi barazani ukingoja kuitwa. Chukua mbuzi, ukalie, ukune nazi hata kifuu kibaki kitupu, na ujue kuwa upo katika ibada. Nawe bibi arusi, unapopepeta mchele, unapomwamsha mwenzio kwa sala ya alfajiri au kwa daku, tia niya njema. Kazi itakuwa ile ile, lakini malipo yake hayatakuwa yale yale.

Pili kicheko, nacho nakisema mbele ya masheikh bila ya haya, kwa kuwa Mtume mwenyewe hakukionea haya. Bibi Aisha amesimulia kuwa walipokuwa safarini walishindana mbio, yeye akatangulia. Siku nyingi zikapita, hata alipokuwa amenenepa wakashindana tena, Mtume akatangulia, akacheka, akamwambia kwamba sasa wamelipana. Na alikuwa akijua pale mkewe anapokuwa radhi naye na pale anapomkasirikia, kwani akiwa radhi aliapa kwa Mola wa Muhammad, na akiwa na hasira aliapa kwa Mola wa Ibrahim. Fikirini mtu aliyebeba umma mzima, naye akapata wasaa wa kusikiliza hata kiapo cha mkewe!

Katika mtaa wetu walikuwako zamani mume na mke, Mungu awarehemu, ambao walipokosana, mume alikuwa na desturi ya kununa na kunyamaza mchana kutwa. Mkewe hakushindana na kimya kile; jioni alimtuma mtoto barazani, mbele ya wanywaji kahawa wote: "Nenda kamwambie baba, mama asema mwezi umeandama, saumu ya maneno imekwisha, aje afungue." Mzee yule alijizuia, akashindwa, akacheka na wenziwe wakacheka, kisha akainuka akaingia ndani, na ugomvi haukufika isha. Mwanamke yule hakumdhalilisha mumewe. Alimfungulia mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kuufungua.

Lakini wahenga wamesema mzaha mzaha hutumbua usaha, na kicheko nacho kina adabu zake. Msifanyiane mzaha wa asili, wala wa umbo, wala wa umaskini wa wakwe, na aibu ya ndani isiwe kichekesho cha wageni. Zaidi ya yote, jihadharini na neno la talaka: masheikh wetu wametufundisha kuwa ndoa, talaka na kurejea, dhati yake ni dhati na mzaha wake pia ni dhati. Bwana arusi, ulimi wako na usiuchezee wembe huo, si kwa hasira wala kwa kucheka.

Itafika siku, pengine baada ya fungate tu, ambapo bibi arusi atapika peke yake, bila ya kungwi wala mama, na wageni wameketi barazani wanangoja. Atageuka kidogo kuchambua mchicha, na kwa kuacha kukoroga, tui litakatika, na wali nao utashika ukoko hata harufu ifike nje. Siku hiyo ndiyo mtihani wenu, nyote wawili. Mtume hakupata kukitia ila chakula: alipokipenda alikula, na asipokitaka alikiacha. Bwana arusi, ingia jikoni kabla ya kutoka neno lolote kinywani mwako. Mwangalie mwenzio machoni, umwombe huo ukoko uwe fungu lako, kwani wenye kujua ladha huugombea, kisha ubebe sinia mwenyewe kwa bashasha. Mkifaulu siku hiyo mtaicheka miaka mingi, na kila mtakapoicheka mtazidi kupendana.

Tatu ni ilhamu. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, naye akamtungia binti yake utendi wa kumwusia. Alianza kwa kushika dini na adabu na ukweli wa ulimi, kisha hakuona tabu kushuka hata kwenye kumpepea mume, kumkanda, na kuifukiza nyumba udi. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hao ni katika mabingwa wa lugha yetu, na tungo hizo ni mazungumzo ya mzazi na mtoto, yaliyozuka katika mapenzi na wasiwasi wa kila mzazi. Basi Mungu akiwaruzuku watoto, ketini nao baada ya magharibi, wategeni vitendawili, wapeni hadithi za mababu, na msiwasikilize maswali yao kwa haraka. Huenda swali la mtoto likawafunulia jambo ambalo darasa nyingi hazikuwafunulia.

Machache ya mwisho. Kuleni sinia moja kila mpatapo nafasi. Ugomvi usilale nanyi. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, basi siri zenu na ziwe zenu. Wazazi wa upande huu na wa upande ule wote ni wazazi wenu. Waendeeni wangali hai, msingoje kuwaendea kwa hitima.

Ewe Mola wetu, watie maharusi hawa mapenzi na huruma, wape rizki ya halali na kizazi chema, wajaalie wakukumbuke katika faraja kama watakavyokukumbuka katika dhiki, uifanye nyumba yao isikose sala, isikose mgeni, wala isikose kicheko. Na kila aliyeoa na kuolewa katika jamii hii, mtengenezee nyumba yake. Amin.