Aliyekata Ndiye Athibitishe

Leo nataka tuzungumze, hapa Kamalondo, komini ya Lubumbashi, juu ya pesa inayotoka bila mwenyewe kuitoa. Kila Mkongomani mwenye simu anaijua hali hiyo, kwa sababu nchi nzima iliionja kuanzia Septemba 2020 hadi mwanzoni mwa 2022, wakati wa daftari la serikali la kuandikisha simu, lililoitwa RAM. Mtu aliweka yunite, na kabla hajampigia hata mtoto wake, sehemu ya yunite zile ilikuwa imekwisha kwenda. Kwa simu ndogo ya 2G makato yalifika dola 1 kwa mwaka. Kwa simu ya 3G au 4G yalifika dola 7, na yalichukuliwa kwa mafungu. ARPTC, ambayo ndiyo mamlaka ya posta na mawasiliano, pamoja na wizara iliyoongozwa na Augustin Kibassa Maliba, zilieleza kwamba hayo ni malipo ya huduma: kuzitambua simu za bandia na kuzifunga simu zilizoibwa. Wapinzani wa makato, wakiwemo vijana wa vuguvugu la LUCHA na baadhi ya wabunge, hawakukubali. Kifungu cha 174 cha Katiba yetu kinasema kodi huwekwa kwa sheria tu, na makato haya yaliwabana wananchi kama kodi.

Mabishano mengi yaliishia hapo, kwenye kodi. Lakini tukubali kwa dakika moja maelezo ya serikali kwamba ilikuwa huduma. Basi mwenye simu angeikataa kwa njia gani? Hapakuwa na namba ya kubonyeza ili kujitoa, wala njia rahisi ya kusema kwamba simu yangu hii ni ile ile niliyokwisha kuilipia. Aliyeona amekatwa mara mbili ndiye aliyepaswa kutafuta ushahidi, kuacha kazi yake, kupanga mstari, na yote hayo kwa ajili ya dola 1. Makato yalipofutwa, yalifutwa kwa sababu kelele za watu wengi zilifika Kinshasa, si kwa sababu mtu mmoja mmoja alikuwa na njia ya kudai haki yake. Na kufuta makato ya kesho si kurudisha pesa ya jana.

Nimeanza na RAM kwa sababu tabia ile ile imo ndani ya kadi za benki, na kadi zimekwisha kuingia mjini kwetu. Trust Merchant Bank ilizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2004. Rawbank na Equity BCDC nazo zina matawi hapa mjini. Kijana wa Kamalondo asiye na mshahara wa kampuni ya migodi anaweza leo kuwa na kadi ya Visa ya kujaza kabla ya kutumia, akanunua kwa intaneti filamu, muziki, programu ya kompyuta au tangazo la biashara yake. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money pale kwenye kabine, unaandika namba yako ya siri, na bila namba hiyo pesa haitoki. Wewe ndiwe unayeisukuma. Kwenye kadi mambo hugeuka. Unatoa namba za kadi mara moja, muuzaji anazihifadhi, na kuanzia hapo yeye ndiye anayeivuta pesa kila mwezi. Mwezi wa kwanza mara nyingi ni wa bure. Wa pili unalipiwa, na wa saba pia, hata kama umesahau kabisa kwamba uliwahi kujiunga.

Watu wengi wakigundua, wanakimbilia kuifunga kadi. Hapa inafaa tukae kidogo, maana kufunga kadi si kuvunja mapatano. Visa na Mastercard zina mfumo unaoweza kumpelekea muuzaji namba mpya za kadi pale benki inapobadilisha kadi ya mteja, ili malipo yasikatike. Mfumo huo uliwekwa kwa nia ya kumsaidia mteja anayetaka huduma iendelee; kwa mteja anayetaka kuondoka, unaweza kufanya makato yamfuate hadi kwenye kadi mpya. Na yule anayeiacha kadi tupu, akiamini kwamba pasipo kitu hapachukuliwi kitu, anaweza kukuta huduma inaandika deni kwa jina lake, au kukatwa siku ile ile anayojaza tena. Kwa hiyo mwanzo ni kwa muuzaji: jitoe kwenye huduma, na utunze picha ya ukurasa au meseji inayosema umejitoa, pamoja na tarehe yake. Kisha nenda benki, uwaambie kwa maandishi kwamba umeondoa ruhusa ya muuzaji huyo. Kama ameshachukua pesa baada ya wewe kujitoa, andika pingamizi: siku, kiasi, jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti. Usitoke dirishani bila kopi yenye muhuri wa benki. Maneno ya mdomo hayana tarehe, na katika mambo haya tarehe ndiyo kesi yenyewe, kwa sababu kanuni za kadi huweka muda wa kulalamika; kwa Visa, mara nyingi ni siku 120.

Kuna tofauti nyingine ambayo mabenki yetu hayaielezi vya kutosha. Kadi ya mkopo hutumia pesa ya benki, na mwenye kadi hulipa baadaye. Marekani, sheria ya mwaka 1974 inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu kupelekewa hesabu yenye kosa ili aipinge, na wakati uchunguzi unaendelea halazimishwi kulipa kiasi anachokibishania. Wengi wetu huku hatuna kadi ya namna hiyo. Tuna kadi zinazokata moja kwa moja katika akaunti, au kadi za kujaza. Pesa ikiondoka ni ya kwetu, imeondoka kweli, na wakati benki inachunguza ni sisi tunaokaa bila hiyo pesa ya karo au ya unga. Ndiyo maana nasema mwenye kadi wa Lubumbashi anahitaji ulinzi mkubwa kuliko yule wa Chicago.

Najua watakaosema: ulikubali masharti, uliweka alama mwenyewe, unalalamika nini? Hoja hiyo ina uzito, na mtu mzima anapaswa kusoma anachokubali. Lakini kukubali mwezi mmoja si kukubali milele, na mapatano ambayo mlango wa kuingilia ni mpana na wa kutokea umefichwa yana kasoro tangu mwanzo. Wengine wana hofu kwamba wateja wakipewa njia rahisi ya kudai, wajanja watakula mali kisha waseme hawakununua, na muuzaji mdogo ataumia. Hofu hiyo ni ya kweli, na muda wa kulalamika umewekwa kwa sababu hiyo, pamoja na haki ya muuzaji kuleta ushahidi wake. Ila ushahidi huo yeye ndiye mwenye nao: siku mteja alipojiunga, simu aliyotumia, mara alizofungua huduma. Mteja hawezi kuthibitisha kwamba hakujiunga. Aliyekata anaweza kuthibitisha kwamba aliruhusiwa, basi na athibitishe.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama jambo hili. Ujerumani tangu Julai 2022 inadai huduma zinazouzwa kwa intaneti ziwe na kitufe cha kujitoa kinachoonekana. Ufaransa ilifuata Juni 2023. Katika malipo ya Ulaya yanayovutwa moja kwa moja kutoka akaunti, mteja ana wiki 8 za kurudishiwa pesa yake bila kuulizwa sababu. Mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni India, nchi ya simu nyingi na vipato vidogo kama sisi. Tangu Oktoba 2021 Benki Kuu yake inataka mwenye kadi apelekewe ujumbe angalau saa 24 kabla ya makato ya kujirudia, ujumbe unaomwezesha kuyazuia.

Congo ina sheria ya mifumo ya malipo ya Julai 2018 na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023, kwa hiyo hatuanzi jangwani. Banque Centrale du Congo ingeweza kuyadai mabenki ujumbe kama ule wa India, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na fomu moja ya pingamizi na siku za mwisho za kujibu. ARPTC nayo, iliyojua jinsi ya kukata yunite kwenye kila simu ya nchi hii, inaweza kuyaamuru makampuni ya simu yaweke namba moja fupi: mtu akiibonyeza, aone huduma zote zinazomkata, iwe mlio wa simu, habari za mpira au utabiri wa nyota, na azifute hapo hapo, bure.