Pombe na Usingizi: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Wanachama



Hatukusimama kuwahukumu wanywao. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo busaa ya unga wa mahindi na kimea cha wimbi haikukosekana siku ya mavuno, na mzee alipofika alipewa mrija kabla hajaulizwa habari za safari. Neno letu ni moja tu: wako wanaokunywa ili wapate usingizi, nao twaona wamedanganyika.

Wa kwanza ni wavuvi wa omena. Katika fukwe za Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji kuwavuta samaki, na kurudi alfajiri macho mekundu. Wakati huo jua limekwisha kupanda, omena yaanikwa, watoto wapiga kelele, na bati la paa lawaka kama kikaango. Mtu atalalaje? Basi hutafuta glasi ya chang'aa. Wa pili ni wazee, hasa waliofiwa na wenzao, ambao usiku kwao umekuwa mrefu mno.

Ni kweli kwamba pombe hulaza upesi, na huo ndio mtego wenyewe. Saa za mwanzo mnywaji hulala kama gogo, lakini ile sehemu ya usingizi ambamo ndoto huja kwa wingi hupunguzwa. Ini nalo hufanya kazi polepole: chupa moja ya bia ya nusu lita hulichukua kiasi cha saa mbili. Aliyeanza saa 2 usiku na kunywa chupa tatu, ini lake huwa lingali kazini hata yapata saa 8 au saa 9. Pombe inapokwisha damuni, mwili hushtuka. Moyo hupiga mbio, jasho humtoka, ndoto za kutisha humjia, na haja ndogo humwamsha mara kwa mara, kwa maana pombe huzuia mwili kuhifadhi maji. Hapo hukaa macho hadi majogoo, naye husema, "Laiti ningaliongeza glasi moja." Siku chache zikipita, glasi ile ya kwanza hailazi tena, naye huongeza kweli.

Tena pombe hulegeza misuli ya koo. Mkoromo ambao wajukuu huucheka waweza kuwa ni pumzi inayokatika na kurudi usiku kucha. Wala tusisahau kwamba mlevi hakumbuki kushusha chandarua, nasi twakaa katika nchi ya malaria.

Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa iliyotengenezwa kwa kanuni na kutiwa chupani. Ile ya kichakani haina kipimo, na anywaye hajui ametia nini mwilini. Sheria hiyo hiyo iliweka baa zifungwe saa 5 usiku. Hiyo ni saa ya mwenye baa, si saa ya usingizi! Atakaye kulala vema na aache glasi saa tatu au nne kabla ya kujilaza, au asinywe kabisa siku hiyo.

Kwa wavuvi twaomba kila ufuko utenge chumba kimoja cha kulala mchana, chenye mapazia mazito, mbali na vichanja vya omena na redio. Gharama yake si kubwa, na kamati iko tayari kuijadili. Wazee nao wajaribu kuamka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, wapunguze kusinzia mchana, na wasichanganye kamwe pombe na vidonge vya usingizi.

Liko jambo moja la hatari. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asiache ghafula akiwa peke yake nyumbani, kwani aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, hata kupatwa na kifafa. Huyo apelekwe hospitali ya kaunti, Migori au Homa Bay, aache chini ya uangalizi wa waganga. Mwanachama atakayekosa nauli amwone mweka hazina kwa faragha.

Kwa ombi hilo twamrudishia Bwana Mwenyekiti nafasi yake.