Kifungo Kinapokataa Kufungika

Msikilizaji, mara nyingi huanza na jambo dogo. Kifungo cha shati hakiingii tunduni, kandambili inachomoka mguuni, ulimi unakuwa mzito. Misuli ya mkono inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Kwa kuwa hakuna ganzi, wengi hukawia kwenda hospitali.

Huu ni ugonjwa wa neva za mwendo. Seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoiamuru misuli hufa taratibu, nayo misuli husinyaa. Si kurogwa, na hauambukizi. Mgonjwa anasikia, na mara nyingi anaelewa kila neno. Tafadhali msimzungumzie kana kwamba hayupo.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari bingwa wa neva hupima umeme wa misuli na damu, na kupiga picha ya MRI, ili kuondoa magonjwa mengine, yakiwemo yanayotibika.

Dawa ya kuponya haipo. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze, ingawa Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aliyeambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, alifariki 2018.

Kazi kubwa ni matunzo. Anayepaliwa aketi wima, apewe chakula laini, kijiko kimoja kimoja, bila kuharakishwa. Mashine ya kusaidia pumzi usiku humpa usingizi. Sauti ikipotea, mwandikieni herufi ubaoni, achague kwa macho.

Ukiona mkono au mguu wa ndugu yako unazidi kulegea, mpeleke hospitali mapema.