Tarehe za Hati Zisipotee Katika Kuhamishwa
(Hotuba kwa makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo vyama vyetu vingi vinahamisha mihtasari, mikataba na barua katika programu za kompyuta za kutunzia kumbukumbu. Ni jambo jema, lakini lina hatari isiyopiga kelele, nayo ni kupotea kwa tarehe.

Kila faili la kompyuta lina tarehe ya kuundwa na tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho. Likinakiliwa katika Windows, tarehe ya kubadilishwa kwa kawaida husalia, bali ya kuundwa huwa ya siku ile ya kunakili. Aidha, programu nyingi huipa hati tarehe ya siku ilipopokelewa. Hivyo mihtasari ya miaka kumi huonekana kana kwamba iliandikwa asubuhi moja.

Atakayeumia ni mwanachama. Nchini Tanzania vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Swali la ghala, hisa au deni huweza kutegemea kama uamuzi ulipitishwa kabla au baada ya siku fulani. Mkaguzi akikuta hati zote zina tarehe moja, atashika lipi?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne:

Kwanza, kabla ya kuhamisha, tarehe iandikwe katika jina la faili, mwaka ukitangulia: 1984-03-17 Mkutano Mkuu. Faili zitajipanga zenyewe.

Pili, karatasi zilizopigwa picha zisomwe, na tarehe iliyomo iandikwe mwanzoni mwa kumbukumbu, kwani faili hujua siku ya picha tu.

Tatu, zijaribiwe hati tano kwanza. Kumbukumbu zitolewazo Evernote kwa muundo wa ENEX huchukua tarehe zake. Ya kupimwa ni programu inayozipokea, kama inaziheshimu.

Nne, faili na karatasi za asili zihifadhiwe bila kuguswa.

Tusisahau kwamba tarehe ya kompyuta hubadilishwa kwa urahisi, wala si ushahidi peke yake. Muhtasari wenye sahihi za mwenyekiti na katibu ndio utakaomtetea mwanachama. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kompyuta haipingani nao.