Jengo lipimwe kwanza, ndipo tupige makofi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare)



Mpango wa leta wa maendeleo ya teritware 145 unatuhusu na sisi: shule, vituo vya afya, maofisi. Siku ya kufungua jengo, wakubwa wanakata utepe, sisi tunapiga makofi. Lakini nani amelipima?

Kupima kuna njia zake. Marekani wako na LEED: jengo linapewa pointi juu ya 110. Chini ya 40 hakuna cheti. Kuanzia 80 ni daraja la juu kabisa. Iko na EDGE, ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, iliyotengenezwa kwa inchi kama zetu. Hiyo inalinganisha jengo na jengo la kawaida la mahali pale pale. Lazima lipunguze angalau 20% ya umeme, 20% ya maji, na 20% ya kaboni iliyotoka hewani wakati wa kutengeneza vifaa vyake. Ukifaulu kwa umeme na ukaanguka kwa maji, umeanguka.

Na ramani inakaguliwa kwanza. Kazi ikiisha, mkaguzi asiyekuwa mtu wa mwenye jengo anakuja kuangalia: kilichochorwa ndicho kilichojengwa?

Mtu atasema: hayo ni ya miji mikubwa, sisi hata umeme hatuna. Sawa. Lakini tofali la kuchoma linakula kuni za pori letu. Tofali la udongo na simenti kidogo, la kushindiliwa kwa mashine ya mkono, halichomwi. Darasa la mabati bila dari, saa sita ni tanuru, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Kituo cha afya bila mifereji ya paa na tangi, maji ya mvua yanapotea bure, na ndugu wa mama anayezaa wanahangaika na bidoni.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Ramani ibandikwe mahali kila mtu anaiona, kabla ya jiwe la kwanza. Ramani hiyo ijibu: joto litatoka wapi, maji yatakaa wapi, vifaa vinatoka wapi? Na kabla jengo halijapokelewa, mtu asiye wa kampuni alikague mbele ya wananchi.

Cheti kinalipiwa. Kuuliza hakulipiwi. Kesho, kila mmoja aende kwenye jengo la karibu naye, aulize ramani.