Somo la Redio: Kusafisha Uso wa Saa ya Mfukoni

Aliye na karatasi ya somo na afuate kwa kidole. Aliye mbali na asikilize.

Leo tunasoma habari za saa ya mfukoni, ile ya zamani yenye mnyororo, ambayo pengine babu aliiacha sandukuni. Uso wake umekuwa na rangi ya chai, tena una nyufa nyembamba kama unywele. Mwenye nayo hutamani kuusugua kwa majivu kama sufuria. Asifanye hivyo hata kidogo.

Tazameni kwanza uso huo umefanywa kwa kitu gani. Saa nyingi za karne ya 19, mathalani zile zilizotengenezwa katika mji wa Waltham huko Marekani, zina uso wa enameli. Ni kitu kimoja na sahani nyeupe ya jikoni, ile ambayo ikianguka hubanduka kipande na chuma kikaonekana. Fundi alichukua bamba jembamba la shaba, akalifunika kwa unga wa kioo, akalitia katika tanuu yenye moto wa nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kioo kikayeyuka, kikashikamana na shaba. Kisha akaandika tarakimu, akalirudisha motoni. Basi weupe ule ni kioo, haupauki. Rangi ya chai ni uchafu tu, nao umejificha zaidi ndani ya nyufa.

Lakini si kila uso ni enameli. Upo wa fedha, upo wa chuma kilichopakwa rangi. Hizo msizitie maji, maana maandishi yatatoka.

Tena kuna jambo la hatari. Tarakimu au akrabu zikiwa na rangi nene ya manjano au hudhurungi, huenda ni radiumu, iliyopakwa ili saa ionekane gizani. Toka mwaka 1917, wasichana wa mji wa Orange, New Jersey, walipaka rangi hiyo wakichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Mifupa ya taya ikaoza, na wengi wakafa. Msidhani kuwa rangi isiyong'aa tena imekwisha sumu. Radiumu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Saa ya namna hiyo msiifungue wala msiikwaruze.

Haya, tuseme uso ni enameli na hauna rangi hiyo. Nyuma yake una miguu midogo ya shaba, nayo hushikwa na skrubu ndogo ubavuni mwa mashine. Mwenye haraka huubandua kwa kisu, na kioo hakijui kupinda: hupasuka. Kazi ya kutoa akrabu na uso mimi ningempa fundi saa. Kuosha mnaweza wenyewe.

Tieni maji ya uvuguvugu bakulini na tone la sabuni isiyo kali. Maji ya moto hayafai, maana duara dogo la sekunde pengine limegandishwa kwa gundi, litaachia. Jina la muuza saa nalo mara nyingine liliandikwa bila kuchomwa, lipitieni mbali. Pigeni povu kwa brashi laini, polepole, bila kukandamiza. Suuzeni, kausheni kwa kitambaa, kisha uacheni uso ukauke hata siku ya pili. Ukirudishwa na unyevu, vyuma vya ndani vitashika kutu.

Nyufa hazitaondoka, ila zitafifia hata mtu asizione kwa mbali. Wako mafundi wanaozifunika kwa rangi nyeupe. Mnunuzi mjuzi huitambua rangi hiyo mara moja, naye hupunguza bei kuliko ambavyo angepunguza kwa ufa wenyewe.

Sasa fungueni daftari. Andikeni maneno haya mara tatu: akrabu, enameli, ufa, nyufa.